Kivuli cha Saa Kumi

Katika soko la Muthurwa jua halishuki lote kwa pamoja. Hushuka vipande vipande, likipenya matundu ya mabati yaliyoliwa na kutu na mianya ya maturubai, na kila mwenye kibanda anakijua kipande chake. Mama wa nyanya humulikwa mikono tu. Kwa muuza viatu, ikifika saa saba, kiatu cha kulia cha kila jozi hung'aa na cha kushoto kikabaki gizani. Katika kibanda cha Koki cha nguo za mitumba, jua lilifika saa nane na robo, likaangukia mlima wa blauzi, likakaa dakika ishirini, kisha likahama.

Dakika hizo ishirini Mwelu hakuuza kitu. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mrefu, mpole wa maneno, amevaa sketi ya kijani yenye marinda aliyoitoa katika robota kabla wateja hawajaiona, na sweta ya kijivu iliyokunjwa mikono hadi viwiko kwa sababu ya makaa. Hakuchora kwa kalamu. Alichora kwa kipande cha makaa juu ya katoni iliyopasuliwa, akiwa amepiga magoti kati ya miguu ya wapita njia.

Siku moja ya Machi alikuwa amefika katikati ya mlima wa blauzi wakati jua lilipozimika. Nyundo ikalia juu ya kichwa chake, mara tatu.

Mwelu akainua uso.

"Wewe wa huko juu."

Nyundo ikanyamaza. "Sema, dada."

"Umeniziba."

"Nimekuziba nini?"

"Jua."

Muriuki, huyo wa juu, alikuwa fundi wa mapaa kwa miaka kumi. Watu walikuwa wamemlalamikia vumbi, kelele, na siku moja msumari uliotumbukia katika sufuria ya maharagwe. Hakuna aliyewahi kumlalamikia kwamba ameziba tundu.

"Dada, mimi nimeitwa nizibe. Mvua ikija utanishukuru."

"Mvua bado. Nipe dakika kumi na tano."

"Kumi."

"Kumi na tano."

"Sasa tunauziana bati ama tunauziana jua?"

Lakini bati likavutwa kando na mwanga ukarudi juu ya blauzi na juu ya mikono myeusi ya Mwelu. Muriuki alilala kifudifudi, akaweka jicho kwenye tundu aone kitu gani hicho anachongojea mtu mzima mwenye akili zake. Akaona katoni. Juu ya katoni rundo la nguo lilikuwa limegeuka nchi, upande mmoja mchana na upande mwingine usiku, na katikati mstari mwembamba ambapo mtu angeweza kutembea.

"Mwelu," Koki akasema bila kuinua macho kutoka kwenye soksi alizokuwa akipanga. Alikuwa mwenye kibanda, mwanamke mnene wa maneno mafupi. "Huyo mtu hapigi misumari tena. Anakutazama wewe."

"Ananipa dakika zangu."

"Haya. Wanaume huanza na dakika."

Alipomaliza kazi Muriuki akashuka ngazi, ovaroli ya bluu iliyopauka magotini, mkoba wa misumari kiunoni, kofia ya sufu ijapokuwa joto lilikuwa jingi. Alikuwa na nyusi nzito na tabasamu la mtu asiyejua alisimamishe wapi.

"Sasa," akamsalimu.

"Poa."

"Nimeacha tundu moja. Dogo. Hapo juu ya blauzi. Mwenye soko asijue."

"Na mvua?"

"Nimeliinamisha. Maji yatapita kando, jua litaingia." Akajikuna shingo. "Unaitwa nani?"

"Mwelu."

"Mwelu, sikuwahi kufanya kazi mbaya makusudi. Hii ndiyo ya kwanza."

*

Mwelu aliishi mtaa wa Mbotela, katika chumba kimoja cha nyumba za mawe za kaunsili ya jiji, zile zilizojengwa safu kwa safu zikitazamana, kichochoro katikati. Alikuwa amekaa humo na mama yake tangu darasa la kwanza, na tangu Januari alikaa peke yake. Jioni alichemsha chai ya watu wawili kwa mazoea, kisha akanywa yote ili isimwagwe.

Muriuki alimpigia simu kila siku, saa kumi na dakika tano. Alichagua saa hiyo kwa sababu Mwelu alimwambia saa kumi kamili haongei na mtu.

"Hallo, injinia wa vivuli."

"Sema, fundi wa kuziba."

"Kimefika leo?"

"Kimefika. Kimeketi kwa jirani, Mama Sydney."

"Amekipa chai?"

"Amekipa mgongo. Anafua."

"Basi mwambie kivuli kikija kwangu Makadara nitakipa chai na mandazi, na mwenye kivuli pia."

"Mwenye kivuli hatoki ovyo."

"Nitangoja. Mimi hukaa juu ya paa siku nzima, kazi yangu ni kungoja bati lipoe."

Alicheka akiwa peke yake mlangoni, simu imebanwa kwa bega, vidole vyeupe kwa chaki.

Kivuli chenyewe alimwonyesha mwezi wa tano, Muriuki alipokuja Mbotela mara ya kwanza, amevaa shati la mistari lililopigwa pasi mpaka mikono ikawa na makali. Saa kumi jua lilikuwa nyuma ya safu ya mbele. Ncha ya paa la huko iliangusha kivuli cha pembetatu, kikavuka kichochoro, kikapanda ukuta wa safu yao. Mwelu akachukua chaki, akaweka X ndogo pale nchani. Pembeni yake kulikuwa na X ya jana. Pembeni yake ya juzi. Zilikuwa zimeanzia juu ya mlango wa Mwelu, zikapita mlango wa Mama Sydney jirani yake, zikawa zinaelekea dirisha la Mzee Kinyanjui, mstaafu wa reli.

"Kinahama," Muriuki akasema.

"Kila siku. Mwezi wa sita kitafika kwa mzee, halafu kitageuka."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Nilimwona mama."

Hakuongeza neno siku hiyo, na Muriuki hakuuliza. Alichofanya ni kuinama, akatazama X moja moja kama mtu anayesoma majina kwenye jiwe.

Mwelu alimwambia yaliyobaki mwezi wa nane, juu ya paa. Muriuki alikuwa akirekebisha kanisa dogo Makadara, akamshikia ngazi, akamwambia avue viatu. Mwelu alikaa kwenye mgongo wa paa, sketi imebanwa kwa magoti, akaona mitaa ya Eastlands jinsi alivyokuwa hajawahi kuiona: safu za nyumba fupi, kamba za nguo, na kando yao maghorofa mapya yamesimama kama watu wazima walioingia katika foleni ya watoto. Jua lilikuwa limelala. Kila ghorofa ilikuwa imelaza kivuli chake juu ya paa za wenzake, kimoja kikivuka barabara nzima na kupanda ukuta wa upande wa pili.

"Ukiwa huku mchana," Muriuki akasema, "huoni kitu. Bati ni bati. Ni hiki kivuli cha jioni kinachokuambia hapa pana ukuta, hapa pana shimo, hapa pana mtu amesimama."

Mwelu akageuka upande wa Mbotela.

"Mama alikuwa akiketi kwenye kile kivuli cha kwetu," akasema. "Alikuwa na mgongo mbaya, hawezi jua, hawezi chumba. Saa kumi anatoa kigoda, anaketi chini ya ncha. Kivuli kikihama naye anahama. Mwezi huu yuko mlangoni kwetu, mwezi ule yuko kwa Mama Sydney. Mimi niliona tu ni mama anapenda watu. Siku niliyorudi kutoka kumzika, nikafungua mlango saa kumi, nikakuta kivuli kimefika na hakuna mtu. Nikaweka alama. Nikaona nikiweka mwaka mzima, nitajua alikuwa wapi kila siku."

"Halafu?"

"Halafu nichore ukuta wote kwenye plaiwudi, na kila siku mahali pake. Hapo hata wakivunja zile nyumba, ninazo."

"Watavunja?"

"Wanasema tu. Kila mwaka wanasema." Alitazama maghorofa. "Waseme mpaka Januari ipite. Nataka mwaka mmoja, sitaki kingine."

Muriuki akamshika kifundo cha mguu ili asiteleze, ingawa hakuwa akiteleza.

*

Oktoba ukoo ukaita. Kaburi la mama lingejengewa kwa saruji huko Makueni, na mtoto ni mmoja. Mwelu alifunga begi akiwa na uzito moyoni wa aina mbili. Kivuli kilikuwa kinarudi. Kilikuwa kimetoka kwa Mzee Kinyanjui, kikapita tena ukuta wa Mama Sydney, lakini hakikukanyaga nyayo zake za Februari. Kilipita juu yake, kiasi cha urefu wa mkono. Ulibaki mlango mmoja kifike kilikoanzia.

"Utaniwekea," alimwambia Muriuki kwa simu akiwa stendi. "Saa kumi kamili, pale nchani. Usikosee."

"Mimi hupima nyumba za watu, mpenzi. Nitakosea X?"

"Na mawingu yameanza. Mvua isiifute, tafadhali."

"Haitafuta."

"Umesema."

"Nimesema. Msalimie mama."

Siku kumi Muriuki aliacha kazi saa tisa, akatembea hadi Mbotela. Fundi haamini jicho lake. Alipoweka X kwa chaki, alitoa tepu, akapima kutoka bomba la mvua hadi kwenye alama, kisha kutoka ardhini kwenda juu, akaandika kwa kalamu ya seremala katika kijitabu. Mama Sydney alimwona. Mzee Kinyanjui alimwona. Mtu wa nyumba ya sita alimwona akipima ukuta na kuandika, akaenda kumwambia wa nyumba ya saba.

Jumamosi jioni wingu jeusi lilisimama juu ya mji na upepo ukaanza kuvuta nguo kambani. Muriuki aliutazama ukuta. Karibu X mia mbili, zote za chaki, zote zingekuwa maziwa kufikia asubuhi kama mvua ingekuja kwa upande. Hakulala vizuri. Mvua haikuja usiku huo, na Jumapili alfajiri akajua la kufanya, lile ambalo angefanya kwa bati lolote linaloogopewa maji. Alikuwa na nusu mkebe wa rangi nyekundu ya mabati. Akangoja watu waende kanisani, akapiga magoti kichochoroni, na kwa brashi ndogo akapita juu ya kila X, moja baada ya nyingine, bila kuruka. Saa sita akamaliza, akarudi nyuma hatua tatu, akaona ni kazi safi. Kisha akapanda gari la Kitengela, ambako ghala moja lilikuwa linamngoja na paa lake wazi.

Mtu wa Eastlands anajua maana ya X nyekundu ukutani. Hafundishwi. Ni alama ya tingatinga.

Mama Sydney alirudi wa kwanza, suti ya zambarau na kofia yenye ua, akasimama mbele ya mlango wake kama aliyekosea mtaa. Alihesabu hadi arobaini akaacha.

"Nyumba moja inawekwa X moja," akasema kwa sauti ndogo. "Yangu imewekwa ngapi? Wanataka kunivunjia mpaka na msingi?"

Mzee Kinyanjui alikuja na Biblia kwapani. Aligusa moja, kidole kikatoka chekundu.

"Bado mbichi," akasema. "Wametungoja twende kuomba."

"Ni yule kijana wa Mwelu," wa nyumba ya sita akasema. "Wiki nzima anapima. Anaandika kwa kitabu. Na Mwelu mwenyewe hayupo. Mnafikiri ameenda wapi?"

"Ameenda kujengea mama yake kaburi."

"Ndiyo amesema."

Saa tisa mkokoteni ulikuwa tayari mlangoni kwa mtu wa nyumba ya tisa, kabati limefungwa kamba. Mzee Kinyanjui akasema hakuna kuhama. Tingatinga linasoma alama, na pasipo alama halina la kusoma. Watu wakatoa chokaa, wakatoa mifagio ya kupakia, wakiwa bado na nguo za kanisa, na kabla ya giza safu nzima ilikuwa nyeupe kutoka pembe hadi pembe. Usiku ikanyesha.

*

Mwelu alirudi Jumatatu mchana, udongo wa Makueni ungali kwenye viatu. Aliukuta ukuta mweupe. Hakuelewa mara moja. Alitembea kutoka mlango wake hadi dirisha la mzee akiwa ameweka kiganja ukutani, kama kipofu, kiganja kikawa cheupe.

Wakamwambia. Walimwambia wote kwa pamoja, na katika maneno hayo alisikia tepu, akasikia kitabu, akasikia wiki nzima.

"Mwelu, sisi tulikulea," Mama Sydney akasema. "Tuambie tu. Huyo mtu wako ni wa nani?"

Alitoa simu. Muriuki akashika kwa mlio wa kwanza.

"Umefika, mpenzi? Umeona?"

"Ulikuwa unaandika nini kwenye kitabu?"

"Hee?"

"Ulikuwa unapima nyumba za watu unamwandikia nani? Mimi nilikuambia habari za mama, wewe ukaona hapa pana kazi?"

"Mwelu, ngoja, ni rangi tu, mimi nili..."

Nyuma ya Mwelu sauti ya mwanamume ikasema, "Mwambie aje. Mwambie aje hapa mara moja, tumwonyeshe vile X huwekwa." Wengine wakaitikia.

Simu ikakatika.

Mwelu akapiga tena. Haikupatikana. Alipiga saa kumi na dakika tano, haikupatikana, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Akaacha.

Hapo ndipo alipoamini. Si wakati wa tepu wala wa kitabu. Mtu asiye na hatia, alijiambia, hakati simu.

Wiki tatu alikwenda Muthurwa na kurudi. Kwenye kibanda kipande cha jua kilikuja saa yake, akakigeuzia mgongo, akapanga sidiria. Majirani walimsalimu kwa nusu ya sauti. Saa kumi alifunga mlango na kulala kitandani akitazama ukuta wa ndani, ambao haukuwahi kupata kivuli cha kitu chochote. Alijaribu kukumbuka mama alikuwa ameketi wapi Aprili. Alidhani ni kwa Mama Sydney. Hakuwa na hakika, na kule kutokuwa na hakika kulimuumiza kuliko msiba wenyewe.

Kitengela, juu ya ghala, Muriuki naye alikuwa na yake. Alikuwa amezima ile laini na kuweka nyingine. Aliogopa ile sauti ya nyuma; amewahi kuona watu wa mtaa wakimfanyia mtu hukumu bila hakimu. Lakini baada ya wiki moja woga ukaisha na ikabaki aibu, na aibu ilikuwa nzito zaidi kuinua simu. Siku ya ishirini akampigia Koki.

"Mama, ni Muriuki wa mabati. Naomba unisemee kwa Mwelu."

"Nikusemee nini?"

"Kwamba nilipaka rangi ili mvua isifute. Aliniambia mvua isifute."

Muriuki alisikia mtu akiuliza bei ya koti.

"Kijana," Koki akasema, "mimi huuza nguo. Robota la msamaha sijawahi kuletewa. Shuka huko juu uende mwenyewe."

*

Muriuki alikuja Mbotela Jumamosi, saa tisa na nusu, saa ambayo kichochoro kimejaa. Alivaa ovaroli ya kazi, kwa kuwa hakutaka kuonekana amejipamba. Alisimama katikati, mikono wazi.

"Hamjambo. Mimi ndiye niliyepaka."

Watu wakainuka. Mzee Kinyanjui akainua fimbo, si kumpiga, ila kuwazuia wengine.

"Kaa hapo hapo. Wewe ni wa kaunti?"

"Hapana, mzee."

"Wa tajiri wa maghorofa?"

"Mimi ni wa mabati, mzee."

"Na kupima ulikuwa unapima nini?"

"Kivuli."

Mtu akacheka. Mama Sydney hakucheka. "Kivuli kinapimwa?"

"Hiki cha saa kumi. Mama yake Mwelu alikuwa akiketi chini yake. Mwelu alikuwa anaweka alama mahali pa mama, kila siku, mwaka mzima. Alisafiri akaniachia mimi. Akasema mvua isifute. Mimi dawa ya mvua ninayoijua ni moja." Alimeza mate. "Sikufikiria rangi. Wallahi sikufikiria rangi. Nilifikiria maji."

Mwelu alikuwa amefungua mlango, amejifunga leso juu ya sketi, nywele hazijasukwa.

"Mwelu," Mama Sydney akasema, "zile chaki zilikuwa Mama Mwelu?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona hukutuambia?"

"Mliniuliza zitatoka? Nikasema zitatoka. Hamkuuliza lingine."

Mama Sydney akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Machi na Aprili alikuwa anakuja hadi mlangoni kwangu," akasema. "Tunachambua mboga. Nilikuwa nafikiri ananipenda mimi, kumbe anafuata kivuli." Akajifuta macho kwa upindo wa rinda. "Na mimi ndimi niliyempaka chokaa. Kwa mkono huu."

Mzee Kinyanjui alishusha fimbo.

"Jikoni kwangu kunavuja," akamwambia Muriuki. "Utaanzia hapo. Kisha kwa Mama Sydney. Ukimaliza safu yote tutaona kama tumesahau."

"Sawa, mzee."

"Na usije na rangi."

*

Ndani ya chumba Mwelu hakumpa kiti. Alisimama upande wa meza, Muriuki upande wa mlango.

"Rangi nimekusamehe," akasema. "Ningekuwa nimesema mimi mwenyewe, watu wangejua. Lakini ulinikatia simu. Nilikuwa nimesimama hapo nje na mtaa mzima, nikiwa sina mama na sina ukuta, na wewe ukakata."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Hata mimi niliogopa. Mimi sikuwa na pa kukatia."

Muriuki alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Sina neno la kusema hapo, Mwelu. Ni hivyo ulivyosema. Nimekuja nikiwa nimechelewa wiki tatu, na ukiniambia niende nitaenda, paa za watu nitamaliza. Ila hiki ni chako." Akatoa kijitabu mfukoni, kimejikunja kwa jasho, akakiweka mezani. "Zile zingine zimekwenda. Hizi nilikuwa nimeziandika."

Mwelu alikifungua. Siku kumi, mwandiko wa seremala, herufi kubwa. ALHAMISI. BOMBA HADI X, 212. CHINI HADI X, 174. IJUMAA. BOMBA HADI X, 214.

Alisoma ukurasa mzima akiwa amesimama. Kati ya mwaka mzima alioutaka, zilibaki siku hizi, na zote ni zile ambazo yeye hakuwapo. Alivuta plaiwudi iliyoegemezwa nyuma ya kitanda tangu Januari, tupu, akailaza juu ya meza. Akachukua kipande cha makaa.

"Kaa," akasema.

Muriuki akakaa ukingoni mwa kiti.

"Alhamisi. Kulikuwa na nani ukutani?"

"Mama Sydney alikuwa anaanika. Shuka la njano. Kivuli kilipita juu ya shuka kwanza, ndipo kikafika ukutani."

Mkono wa Mwelu ukaanza kwenda, polepole. Ukachora ukuta, bomba, ncha ya paa ikivunjika juu ya shuka.

"Ijumaa?"

"Hakuna mtu. Kulikuwa na paka."

"Wapi?"

"Chini kabisa. Ameketi kivulini. Alisogea nacho."

Mwelu alimtazama aone kama anamtania. Hakuwa akitania. Akachora paka.

Wakaenda hivyo, siku kwa siku. Jumapili watoto walikuwa wanaruka kamba na kivuli cha kamba kilipanda ukuta na kushuka. Jumatatu Mzee Kinyanjui alisimama mbele ya alama kwa makusudi, ikabidi Muriuki amwombe radhi ili apime. Chai ilikuwa juu ya jiko, Mwelu alikuwa amechemsha ile ya watu wawili, na kwa mara ya kwanza tangu Januari hakuinywa yote.

"Jumanne?" akasema. "Hapa hujaandika namba."

"Jumanne ilikuwa wingu."

"Basi hakuna kitu. Mimi siku za wingu naziruka."

"Sikujua. Nilisimama tu."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka giza. Mama Sydney alifunga mlango, taa zikawaka, nikaona hata nikiona kivuli kitakuwa cha taa." Aligeuza kofia mikononi. "Uliniambia niweke saa kumi. Hukuniambia siku ya wingu mtu anaondoka saa ngapi."

Mwelu alikaa na makaa hewani. Mwaka mzima siku za wingu alikuwa ameziacha bila alama, na mama naye siku hizo alikuwa akitoa kigoda vilevile, akaketi popote, maana siku ya wingu kila mahali ni kivuli.

Aligeuza kipande cha makaa kikalala ubavu, akaanza kupaka ile Jumanne, ukuta mzima, kijivu, kutoka pembe hadi pembe.